Walipomuua Baba wa Binti Radi

Jumamosi, 1 Juni

Tangawizi tumeanza kuvuna. Mgongo umekataa kunyooka. Nimeoga mapema, nimepasha makande ya jana, nimewasha televisheni kabla ya taarifa ya habari. Leo msimu wa pili wa Binti Radi umeanza.

Msimu wa kwanza tulitazama wawili, mimi na Mama Nakundwa. Hakuelewa inakuwaje msichana anapigwa na radi bwawani Nyumba ya Mungu, halafu badala ya kufa anapata nguvu za kuinua lori. Aliuliza kila wiki. Nilichoka kumjibu. Alifariki Novemba. Kiti chake sasa kimejaa nguo nilizoanua.

Anayeandika hadithi ile ni binti yetu, Nakundwa. Yuko Dar. Mwaka jana kila Jumapili baada ya ibada alikuwa anapiga simu. "Haya Baba, hukumu." Namwambia hapa pazuri, hapa uongo.

Hukumu ya leo: nzuri. Binti Radi kaokoa basi lililokatika breki kwenye kona za mlimani. Karudi nyumbani amelowa chapachapa, na baba yake, Mzee Kombo mshona nyavu, hakumsifu hata kidogo. Kamuuliza kwa nini ameacha mlango wazi. Nimecheka peke yangu. Maneno hayo ni yangu. Yule mzee ni mimi, Nakundwa aliniambia mwenyewe. Hata kikohozi ni changu.

Jumapili, 2 Juni

Usharikani wamenipongeza kama mimi ndiye niliyeandika. Nakundwa hakupiga. Nimepiga mimi. Akasema ana kazi nyingi, atanipigia. Sauti imekauka.

Jumamosi, 8 Juni

Sehemu ya pili nzuri kuliko ya kwanza. Nimemtumia meseji ndefu. Kajibu, "Asante Baba." Basi.

Jumamosi, 15 Juni

Wamemuua Mzee Kombo.

Mwanzoni kabisa mwa sehemu ya tatu. Adui kalipua nyumba, mzee alikuwa ndani. Hakupewa hata neno la mwisho. Binti Radi akapiga ukelele, mawingu yakapasuka, akaruka mpaka Dar. Sasa anavaa chuma mwili mzima na anaishi juu ya ghorofa.

Najua ni mchezo. Najua mwigizaji yupo mahali anakula chakula chake. Lakini yule ni mimi. Alinichukua akaniweka pale, na leo ameniondoa.

Nimekasirika. Hapana. Nimeumia.

Jumapili, 16 Juni

Jirani yangu Elieza kanipa mkono mlangoni mwa kanisa mbele ya watu. "Pole na msiba, Mzee Kombo." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nyumbani nimekaa na suti ya kanisani mpaka giza likaingia.

Nimemtumia Nakundwa meseji. "Sehemu ya tatu mbaya. Baba hakustahili kufa vile." Hajajibu.

Jumanne, 18 Juni

Hajajibu. Ukungu tangu asubuhi, silioni hata shamba la Elieza. Nimetafuta nilipomkosea, sijapaona. Baada ya kumzika mama yake tuliagana vizuri pale stendi ya Same. Alinishika mkono muda mrefu. Pasaka hakuja, alisema kazi. Labda mtu akimchoka baba yake humuua kwenye televisheni. Ni wazo la kijinga. Nimeshinda nalo shambani kutwa.

Jumamosi, 22 Juni

Sehemu ya nne. Mbaya. Watu wanapigana nusu saa na hakuna anayechoka. Hakuna anayekula. Mwaka jana Binti Radi akishatumia nguvu zake miguu ilimwisha, akaomba chai yenye sukari nyingi. Leo hakuomba kitu. Anaongea kama tangazo la biashara.

Halafu akaenda kwa shangazi yake, mama mtu mzima mwenye mvi, akamwambia, "Mambo?" Shangazi akaitikia, "Poa."

Nilisimama. Nakundwa hawezi kuandika hivyo. Hata awe amenikasirikia namna gani, shikamoo angeiandika. Nimemlea mimi.

Anayeandika huyu siye mwanangu.

Jumapili, 23 Juni

Sikwenda kanisani. Nimepiga simu mpaka akapokea. Nikamuuliza kama ule mchezo bado anauandika yeye.

Nilisikia pikipiki zikipita huko alipo.

"Waliniondoa Januari, Baba."

Wenye mchezo walitaka Mzee Kombo afe ili watazamaji walie na msichana ahamie mjini. Yeye akakataa. Wakabishana wee. Akawaambia baba yule hafi, wakitaka wamtafute mwingine wa kumuua. Wakamtafuta. Sehemu mbili za mwanzo alikuwa ameshaziandika, wakazitumia. Tangu hapo anauza nguo na rafiki yake na kulala kwa rafiki huyo.

"Mbona hukuniambia?"

"Mama ndiyo kwanza tumemzika. Na wewe unanisifu usharika mzima. Ningeanzia wapi?"

"Na Pasaka?"

"Nimekonda, Baba. Ungeniona tu ungejua."

Nikamwambia aje nyumbani. Ilitoka kama namkaripia. Sijui kuisema vinginevyo.

Mtoto kapoteza kazi kwa kukataa kuniua, na mimi nikamtumia meseji ile. Sijala.

Alhamisi, 27 Juni

Nimeshuka Same kumpokea. Joto na vumbi, basi limechelewa. Kashuka na begi moja. Amekonda kweli, shingo imekuwa ya mama yake.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba."

Nikachukua begi, akaninyang'anya, nikalichukua tena. Njia nzima ya kupanda mlima alilala, kichwa begani kwangu. Bega likafa ganzi. Sikulisogeza.

Jumamosi, 29 Juni

Nilitaka televisheni isiwashwe. Yeye kawasha. Kaondoa nguo kwenye kiti cha mama yake akakaa. Alitazama sehemu ya tano, mikono katikati ya magoti.

Ilipoisha akaniuliza hukumu. Nikasema mbaya tupu. Akasema si tupu, ule moto sokoni wameupiga picha vizuri. Anahukumu kwa haki kuliko mimi.

Kisha akalia. Nikaenda jikoni kuchemsha chai. Niliporudi bado analia. Nikavuta kigoda, nikakaa karibu yake. Chai ikapoa.

Jumatano, 3 Julai

Tumechimba tangawizi pamoja. Hajasahau, anatoa mzizi bila kuuvunja. Nikamuuliza yeye angeandikaje. Akaniambia macho ya Mzee Kombo yangeanza kufifia, na Binti Radi angelazimika kushona nyavu badala yake. Nguvu zote zile na hawezi kufunga fundo. Kila akivuta, uzi unakatika. Msimu mzima anajifunza kuvuta polepole.

Nimeuliza maswali mengi mno. Kwa nini asinunue nyavu mpya? Nani anampikia mzee? Akaniambia nimekuwa kama Mama. Tukacheka, tukaendelea kuchimba.

Jumatatu, 8 Julai

Ameondoka. Wapo watu Arusha wanatengeneza michezo ya redio, wamemwita wamjaribu. Nimemsindikiza mpaka Same. Nilitaka kumwambia abaki. Maneno yalifika mdomoni. Basi likaja, nikampandishia begi.

Nyumba ni mbaya kuliko ilivyokuwa kabla hajaja. Nimeshazoea kusikia mtu anavuta maji asubuhi.

Jumamosi, 13 Julai

Sehemu ya saba. Nilisinzia.

Jumamosi, 20 Julai

Mwisho wa msimu. Binti Radi kashinda, jiji zima limempigia makofi. Wakamwonyesha amesimama juu ya ghorofa, peke yake, muziki mkubwa. Nadhani walitaka tuone ukuu wake. Mimi nimemwona mtu asiye na wa kumwambia yaliyompata.

Hukumu ya msimu mzima: sehemu mbili nzuri, zilizobaki afadhali wasingezifanya. Hakuna aliyeniuliza.

Baadaye Nakundwa kapiga. Wamemchukua. Ataanza na hadithi fupi fupi za watoto. Kasema Arusha baridi lakini si kama ya kwetu, na chumba alichopata kinatazama ukuta wa jirani. Mchezo hakuutaja, na mimi sikuutaja. Nikamwambia tangawizi imebaki mistari michache, na Elieza anamsalimu. Maneno yakaisha. Hakuna aliyekata. Nilimsikia akisogeza vyombo, akimenya kitu, labda viazi. Na mimi nikaendelea na kazi zangu, simu iko mezani, mpaka salio lake likaisha, simu ikakata yenyewe.