Picha za Mtu wa Chapwa

Kitwe, Zambia

Mdogo wangu Lazaro,

Natumaini baridi ya Ikinga haijakuzidi, na shemeji yu mzima. Mimi nipo, miguu inauma, macho bado yanasoma. Simu zangu hupokei, ndiyo maana nimempa barua hii dereva wa lori anayekuja Tunduma.

Mwezi uliopita ulinitumia picha za figo, ukasema ni za mtu wa Chapwa, muuza mchele. Kazi niliyoizeekea unaijua: mgonjwa huchomwa dawa, mashine humpiga picha mfululizo, nami huizungushia figo mstari katika kila picha, hupima mng'ao wake, hutoa ule wa nyama za jirani, kisha huchora. Figo nzima mchoro wake hupanda, kisha hushuka dawa inapotoka na mkojo. Huu ulipanda ukabaki juu. Nilirudia hesabu mara mbili, nikakujibu kwamba figo ya kulia imeziba, wasikawie kumpasua. Nikaongeza na utani kuhusu wauza mchele.

Jumapili Subira akanipigia. "Mjomba, mama anauliza umeonaje picha zake."

Nikamuuliza picha zipi.

"Si zile alizokutumia mjomba Lazaro?"

Lazaro, nilimhukumu dada yetu Tupokigwe nikidhani ni mtu baki, nawe ukanyamaza. Najua utasema aliye mbali hatiwi hofu. Baba alizikwa hivyohivyo, nikaambiwa matanga yameshaanuliwa. Nilikusamehe. Lakini safari hii ulitumia hesabu yangu huku ukinificha mtu ninayempimia.

Ningejua ni yeye, swali langu la kwanza lingekuwa maji. Dada hufunga kabla ya kila jambo kubwa, tangu usichana wake. Nilimuuliza Subira.

"Alifunga tangu jana yake, hata tone," akasema. "Nesi alipomuuliza kama amekunywa, akaona haya, akasema ndiyo."

Mwili mkavu hutoa mkojo kwa shida, na mchoro wa figo nzima huweza kubaki juu kama wa iliyoziba. Huenda imeziba kweli. Sijui, wala ninyi hamjui, na Alhamisi ijayo anapasuliwa. Nimeongea naye. Kisu alikuwa amekikataa mpaka ulipomwambia nimeafiki. "Wewe ndiye umepima, kaka," aliniambia. "Mimi nimeridhika."

Nimempigia daktari, nikamweleza kuhusu mfungo. Amekubali kurudia kipimo Jumatatu, kabla ya kisu. Subira atakaa naye mpaka anywe maji yote aliyoagizwa. Wewe usiende.

Nisalimie shemeji, aliyeniandikia mwaka mzima nilipougua. Msalimie mchungaji, umwombe amfungulie dada mfungo kwa kinywa chake mwenyewe. Wasalimie wajukuu zako, ambao sijawahi kuwaona.

Kwenye karatasi za hospitali, mahali pa ndugu wa kuulizwa, nimemwambia Subira akate jina lako, aandike langu.

Ni mimi kaka yako,
Ezekia