Fulu, Hafu na Mfuniko wa Mama

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha Uani.
Jumapili, siku yangu ya kupumzika, jua bado liko juu.

Mpendwa Dada, Mama Bendi,

Shikamoo. Ya pili mpe shemeji, na Bendi mwambie mjomba wake anamgongea tano za nguvu. Hujambo lakini? Miguu bado inavimba ukisimama sana dukani? Na kile kikohozi cha shemeji, kimeondoka au kimeshaandikwa jina kama mpangaji?

Sisi huku wazima. Mama ni mzima, goti tu linalalamika asubuhi, likishapata jua linanyamaza. Bibi ni mzima, masikio ndiyo yameamua kustaafu. Mimi usiniulize. Nimejaza mashavu, na wasichana wa mapokezi wananiita Meneja Msaidizi. Sawa, ni msichana mmoja, na alikuwa anacheka. Lakini kaniita.

Ninakuandikia kwa mkono kwa sababu simu yangu imetumbukia kwenye sinki la vyombo vya mafuta, ikafa kifo cha heshima. Barua hii utaletewa na dereva wa gari la mboga, anapita hapa jioni. Usicheke mwandiko. Niliacha shule mapema ili na nyie wengine mpate nafasi ya kuwa wa kwanza.

Haya, tuje kwenye swali lako. Mama kaniambia mnataka kuja likizo kwenye hoteli yetu, na kabla hamjalipia mnabishana juu ya kifurushi cha chakula. Shemeji anataka Fulu, asubuhi, mchana na jioni, kila kitu kimelipiwa kabla hujafungua mdomo. Wewe unataka Hafu, asubuhi na jioni tu, ukasema Fulu ni chakula kingi mno kwa watu watatu ambao mmoja wao anakula biskuti tu. Dada, umemuuliza mwenyewe. Mimi ndiye Waziri wa Mabaki pale. Hakuna sahani inayorudi na kitu bila kupita mikononi mwangu. Wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma sahani.

Kifurushi cha chakula ni ndugu yake kifurushi cha simu. Mtu akijua dakika zake zinakaribia kuisha, anawapigia hata aliogombana nao. Na wageni wetu wanakula hivyo hivyo. Kuna mzee mmoja alikuwa anakaa meza ya dirishani na mkewe, mkanda wa suruali kaulegeza mpaka tundu la mwisho. Nilikuwa naondoa vyombo, nikawasikia.

“Kula, baba watoto, tumeshalipia.”

“Nimeshiba mpaka shingoni, mama.”

“Basi chukua tu uweke hapa mezani. Wasije wakadhani tumewasamehe.”

Akachukua, akaweka, wakaondoka. Kuku mzima, hajaguswa hata ubawa. Na hiyo ni meza moja, Dada. Ukumbi una meza mpaka macho yanachoka.

Sasa, sheria ya pale ni kwamba mfanyakazi hatoki na mabaki, hata ganda la mkate. Wanaogopa mtu akiumwa tumbo ataitaja hoteli. Kwa hiyo vyote vilikuwa vinakwenda kwenye shimo nyuma ya chumba cha kufulia, karibu na seng'enge. Na kwenye shimo la namna hiyo hakukosekani mbwa.

Walianza wachache, wakaitana. Mimi nikawapa majina ya vifurushi. Kijibwa kimoja chenye mbavu za nje nje, kilichokuwa kinaridhika na mkate mkavu, nilikiita Chai Tu, kile kifurushi cha asubuhi peke yake. Jike la madoa ambalo sikio lake moja limekatika nusu, nikalipa jina la Hafu. Halafu kulikuwa na dume moja jeusi, kifua kama kabati la nguo, likila linafumba macho. Huyo akawa Fulu. Jikoni walicheka mpaka mpishi akaunguza vitunguu.

Shida ni kwamba walikuwa hawasubiri. Mlango ukifunguliwa tu, wako miguuni. Mpishi wetu mkuu, tunayemwita Jenerali kwa sababu hata chumvi anaiomba kwa amri, aliniambia nitafute dawa au nitafute kazi. Dawa nikaitoa kwetu. Unakumbuka Mama anavyotuita kula? Hajawahi kumwita mtu kwa jina. Anashika mfuniko wa sufuria kubwa mkono huu, mwiko mkono huu, ta-ta-taa! Hata tungekuwa tumejificha wapi tulitokea, wewe mbele kwa ajili ya hiyo miguu ya korongo. Na Bendi si alijifunzia hapo hapo, mara ya mwisho mlipokuja? Alipiga mifuniko mpaka Bibi akasikia, ndipo akapata jina.

Basi na mbwa nikawafundisha hivyo hivyo. Pasipo mfuniko, unakaa nje ya seng'enge na huna cha kusema. Ta-ta-taa, unaingia, unakula. Walishika upesi kuliko wewe ulivyoshika jedwali la kuzidisha. Wakawa wanakaa mstari mmoja, vichwa juu, kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu. Wageni walikuja nyuma kupiga picha. Jenerali, ambaye hasifii hata mvua, alisema, “Kijana, una kichwa.” Nimeiandika hapa ili ibaki kwenye kumbukumbu za ukoo.

Halafu akaja meneja mpya. Mama mwembamba, viatu vyake havina sauti, unashtukia tu yuko begani. Siku ya kwanza alisimama ukingoni mwa shimo, leso puani.

“Hiki ni chakula au ni taka?”

“Asubuhi kilikuwa chakula, mheshimiwa.”

Hakucheka. Kuanzia hapo sahani zikawa ndogo, mgeni anaulizwa kwanza anataka nini ndipo anapakuliwa, anayetaka zaidi anaongezwa. Shimo likafukiwa. Na ukweli nikwambie, alikuwa na haki. Wageni walinung'unika kidogo, wakazoea, hata yule mzee wa dirishani aliondoka akiwa amerudi kwenye tundu la kawaida la mkanda. Kwa hiyo swali lako, kwa upande wa mbele, limekwisha kujibiwa: chakula kilikuwa kingi mno, na sasa si kingi tena.

Ila upande wa nyuma kulikuwa na wateja wengine wa kifurushi, na wao hawakupewa taarifa.

Mwanzoni walilia. Hilo halikunisumbua, mbwa akiwa na njaa analia. Kilichonisumbua ni walipoacha. Wanakaa tu pale pale, mstari ule ule, wanautazama mlango wa jikoni. Hawabweki, hawajikuni. Yule paka mnene wa mapokezi hayupo. Kuku wa mama wa kufulia wameisha mmoja mmoja, bila kelele. Chai Tu naye simuoni. Nilimuuliza mlinzi, akasema, “Ah, huyo kahama.” Lakini aliposema hivyo aliangalia viatu vyake, na mbwa waliobaki, Dada, siku hiyo walikuwa hawana njaa sana.

Ijumaa ya wiki iliyopita mchana, ukumbi umejaa, dada wa vyombo alikuwa anaosha huku anaimba, kama kawaida yake. Mfuniko wa sufuria kubwa ukamponyoka. Unajua mfuniko ukianguka kwenye vigae unavyocheza kabla haujatulia. Ta. Ta. Taa.

Sikusikia hata kucha. Nilipogeuka walikuwa wameshaingia, wote, na hawakuangalia nyama iliyokuwa mezani. Walimzunguka yeye, kwa sababu mfuniko ulikuwa miguuni pake. Kwao, mwenye mfuniko ndiye mwenye chakula. Fulu akashika aproni yake, akaanza kuvuta taratibu, kama mtoto anayemvuta mama yake dukani. Yule dada akapiga kelele, akamsukuma kwa goti. Hapo ndipo Hafu alipomshika mguu.

“Tupa nyama!” Jenerali alikuwa ameshapanda juu ya meza ya kukatia mboga, kakumbatia mwiko. “Tupa yote, we mtoto! Yote!”

Nikatupa trei nzima ya wageni. Waliimaliza kabla sijashusha mikono. Na unajua wakafanya nini? Wakajipanga mstari, katikati ya jiko, wakakaa, wakinitazama. Wanangoja mlo wa pili. Fulu ni kifurushi cha milo mitatu, si nilimpa jina mwenyewe?

Tukatupa na iliyokuwa kwenye jokofu, ndipo wakatoka. Fulu alikuwa wa mwisho. Nikamwita jina lake. Zamani nikimwita mkia ulikuwa unapiga ndoo mpaka unaziangusha. Safari hii alinusa mikono yangu, kiganja na mgongo wa kiganja, akaikuta mitupu, akaenda zake polepole.

Dada wa vyombo kashonwa mguu, yuko kwao. Nilikwenda kumuona nikamtania kidogo. Haimbi tena.

Sasa hivi jikoni mifuniko yote imefungwa matambara, na sufuria nyingine tunazifunika kwa mbao. Watu wanazungumza kwa mikono kama tuko msibani. Meneja kaita watu wa manispaa. Walikuja na gari na nyavu, wakakuta majani matupu. Gari lilipokata kona tu, mstari huo hapo.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Fulu usilipie, Hafu usilipie, hata Chai Tu usilipie. Mwambie shemeji aende likizo kwao, akale kwa mama yake, atashiba bure. Najua mtacheka mseme huyu bwana kaogopa mbwa. Mimi? Mimi niliyemtoa nyoka chooni kwa ufagio, na wewe ukiwa juu ya stuli? Siogopi. Ila Bendi hata shule hajaanza, na kitu cha kwanza anachotafuta akiingia nyumba yoyote ni mfuniko na kitu cha kuupigia. Mtoto yule hata umfunge mikono atapiga kwa kichwa. Na kimo chake, nimepiga hesabu, ni sawasawa na mdomo wa Fulu.

Utasema basi mtafikia hapa kwa Mama. Nilitaka kukwambia hivyo, kweli kabisa, mpaka jana.

Jana nilitoka kazini jua halijazama. Nilipofika kona ya mashine ya kusaga niligeuka, nikamuona Fulu nyuma yangu. Hakimbii. Nikisimama, anakaa. Nikienda, anakuja. Nilimrushia jiwe, akalinusa, akaliacha. Leo asubuhi nimemkuta mbele ya mlango wa jikoni kwa Mama. Hafu yuko pembeni ya choo. Wengine sijui wako wapi, na bora ningekuwa nawaona.

Mama amefurahi. “Mbwa ana adabu huyu, habweki hovyo.” Nimemweleza yote tangu mwanzo, amecheka mpaka akashika goti. “Mwanangu, mfuniko nimepiga kabla hujazaliwa. Leo niache kuwaita watu kula kwa ajili ya mbwa?” Bibi hajasikia neno hata moja, kwa hiyo ameunga mkono upande wa Mama.

Basi nimefanya kiume. Mifuniko yote ya nyumba hii iko chini ya godoro langu, na ninakuandikia nikiwa nimeikalia. Inaumiza, lakini nimekaa. Maharage yanakaribia kuiva, nayasikia harufu. Mama kapita hapa mlangoni mara kadhaa anauliza nani kachukua mfuniko wake, nami nimejifanya nimezama kwenye barua, kama wewe ulivyokuwa unazama kwenye vitabu ukiitwa kuosha vyombo.

Kwa hiyo msije, Dada. Si kwa hoteli, si kwa Mama, mpaka nikuandikie tena kwamba pamekuwa salama. Na Bendi hapo alipo, mnunulie ngoma ya ngozi, azoee sauti nyingine.

Nisalimie shemeji na kikohozi chake. Nisalimie mawifi zako wote, hasa yule aliyesema sitafika popote, mwambie nimefika jikoni. Mama anakusalimu, Bibi anakusalimu kwa sauti kubwa kama kawaida. Mungu awafunike wote watatu, kwa mfuniko usiokuwa na kelele.

Ni mimi mdogo wako, wako akupendaye kuliko unavyostahili,

Waziri wa Mabaki.

Tena, Dada: nilikuwa nalamba bahasha nikamsikia Mama ukutani anamwita jirani. “Mama mwenzangu, niazime mfuniko mara moja, niwaite watu wangu wale.” Jirani kasema chukua. Fulu namuona kwa dirisha. Tangu asubuhi alikuwa amelala. Sasa amekaa, na nyuma yake wamekaa wengine, mstari mmoja. Naacha kalamu, namkimbilia Mama.