Moshi wa Wazee Ghorofani

Nomvuyo, nimewatoa watu wa jengo zima nje! ZIMA!

Nimefika Cape Town, kwenye ile fleti ya likizo niliyopanga katikati ya mji. Kama kawaida yetu, nikachoma majani ya impepho kidogo, wazee waliotangulia wajue leo nalala wapi. King'ora cha moto hicho! Watalii wakateremka ngazi na taulo viunoni!

Mwenye fleti, Annelise, akaja anahema. "Unachoma nini kwangu?"

"Nawakaribisha wazee wangu."

"Lakini mama, ulipanga kwa mtu mmoja!"

Umesikia? Mtu mmoja! Mimi tangu lini nikasafiri peke yangu?

Nikamwambia, "Usihofu mwanangu, hao hawatumii kitanda."

Watalii wakacheka.

Kesho nachoma tena. Nitafungua dirisha tu.