Kodi ya Duka Lisilo na Mlango

Makole, Jumapili jioni, Septemba

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Dodoma usiojua kubisha hodi. Vumbi limeingia mpaka kwenye kopo la sukari. Nimekaa dirishani na chai iliyokwisha kupoa, sifanyi lolote. Kuna siku akili inaamua kwenda matembezi na mwili unabaki nyumbani kulinda vyombo.

Leo akili yangu imekwenda dukani kwangu.

Duka langu lina mlango wa bluu. Lina kengele ndogo inayolia mteja akiingia, na benchi nje kwa wenye kutaka kupumzika. Nimelijenga kichwani siku nyingi. Kila nikisinzia mchana naongeza rafu moja. Lakini ukweli, shajara yangu, unaujua. Duka langu ni simu.

Nauza mlenda mkavu wa kwetu Mvumi. Mama na wenzake wanachuma, wanakausha, wanatwanga, kiroba kinakuja na basi. Mimi napima, nafunga, napiga picha, naweka mtandaoni. Wateja wangu ni watu wa huku waliotawanyika Dar, Mwanza, Mbeya, wanaoota ugali wa nyumbani huku mbele yao kuna sahani ya chipsi. Picha napigia hapa hapa chumbani, nyumbani kwa kaka yangu, kwenye kona yenye dirisha. Naweka ungo, nyuma yake kanga, basi.

Mama hajawahi kuiita kazi. Anaiita biashara ya picha. Mwezi wa sita alisema wazi: msimu wa kulima ukifika bado nimelala na simu, nirudi Mvumi nikashike jembe. Na mama akisema hivyo, hasemi mara mbili.

Sitaki kurudi. Naipenda Mvumi sana, ila naipenda zaidi nikiwa naiuza.

Sasa, wiki mbili zilizopita nilijikaza nikaenda ofisi ya kodi. Kila mahali wanasema hata sisi wa mtandaoni tunatakiwa kulipa, na nilikuwa nimechoka kushtuka kila nikisikia neno "mapato" redioni. Dada wa dirishani aliniuliza biashara yangu iko mtaa gani. Nusura nimjibu kwamba iko angani. Nikasema Makole. Akaniuliza inavyokwenda, akanikadiria, akaniambia nitalipa kwa awamu. Kwenye sehemu ya kazi aliandika "mfanyabiashara", bila kucheka wala kuniangalia mara mbili.

Nilitoka pale mwepesi kabisa. Nililipa awamu ya kwanza kwa simu nikiwa bado nimesimama getini, kisha nikampigia mama.

"Mama, nimeanza kulipa kodi!"

Hapo ndipo nilipoharibu.

Kiswahili chetu hakikuona haja ya maneno mawili. Kodi ya serikali ni kodi, na kodi ya mwenye nyumba ni kodi. Mama akapiga kigelegele simuni, na mimi nikadhani anashangilia uraia wangu mwema.

Jana Jumamosi akafika. Gauni la kanisani, kiroba cha mlenda, na ufagio mpya wa majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nipeleke dukani." Hata maji hajanywa. "Kina mama wote kule nimeshawaambia. Mtu analipa kodi, ana fremu yake ya duka! Nimekuja kulifagia, duka haliingiwi hivi hivi."

 Nikikueleza nilichowaza utanicheka. Kuna fremu moja karibu na soko, mlango wake wa bluu kweli kweli, na nikawaza nimpeleke, nimwonyeshe kwa mbali, niseme leo tumefunga. Nilishaanza hata kutafuta kisa cha ufunguo kupotea. Ndivyo nilivyo. Nikiachwa kidogo tu nahamia kwenye ndoto na godoro langu.

Lakini alikuwa ameushika ule ufagio kwa mikono miwili.

"Mama, siyo kodi ya fremu. Sina fremu."

Akanitazama. "Ni kodi ya kukaa ndani, au ile ya kukimbia porini?"

Kwao, alipokuwa mtoto, wakija wakusanya kodi wanaume walilala vichakani. Babu naye alikuwa akibeba kibuyu cha maji na kutokomea mpaka wapite.

"Ile ya kukimbia," nikasema.

"Wamekukamata?"

"Hapana. Nilienda mwenyewe."

"Kwa miguu yako?"

"Kwa bodaboda, mama."

Hakucheka. Alikaa kitandani, na mimi nikasubiri neno jembe litoke. Niliogopa, nisikufiche. Nilishaanza kuviaga moyoni vifungashio vyangu.

"Babu yako alikimbia kwa sababu hakuwa na kitu," akasema mwishowe. "Wewe wamekuuliza, wakaona unacho." Akavua viatu. "Haya, nionyeshe watu wanapoingilia."

Nikafungua simu. Nikamwonyesha mlenda wake mwenyewe juu ya ungo, umepigwa na mwanga wa dirishani. Nikamsomea wanachoandika watu chini yake. Mmoja wa Mwanza aliandika kwamba alipofungua pakiti alimpigia mama yake kwanza, akapika baadaye. Mama akaniambia nirudie hiyo. Nikarudia.

"Hapa ni wapi?" akauliza, kidole kikiwa kwenye picha.

Nikamwonyesha kona.

Aliiangalia weee. Kisha akajifunga kanga kiunoni, akasogeza ungo, akafagia. Alivuta vumbi kuja ndani kwanza, maana kwake ukifagia kwenda nje unaifukuza na riziki. Halafu akasimama pale kwenye kipande hicho cha sakafu, akaomba kwa Kigogo, maombi marefu. Nilisikia jina langu, nikasikia la babu, na katikati ya Kigogo chote kile nikasikia neno moja la Kiswahili: kodi.

Leo mchana nimemsindikiza stendi. Ya jembe hakuyagusa, na mimi sikumkumbusha. Tukiwa tunasubiri basi akampigia rafiki yake wa kanisani, akamsalimu kwa Kigogo kwa sauti ile ya watu wasioamini kwamba simu inafika mbali.

"Mbukwenyi! Eeh, nimeliona duka. Ni dogo, lakini lina mwanga mzuri!"

Nikageuka upande wa pili nikajifanya vumbi limeniingia machoni. Kwa upepo wa leo, nani angebisha?

Sasa jua linashuka na ile kona imeanza kupata rangi ya asali. Najaribu kulirudia lile duka la mlango wa bluu, sioni kengele wala benchi. Naona ungo na kanga. Ufagio wa mama uko nyuma ya mlango, na vumbi limesharudi sakafuni.

Kesho nikiamka, kabla ya picha, nitafagia dukani.