Ushuhuda wa Samaki Waliofufuka

Mamba, Jumapili

Eti sala! Basi zile karafuu zilikuwa za pilau.

Jana tulihamisha perege wazazi kutoka bwawa la juu, ambalo linakauka, kwenda la chini. Ukiwabeba hivi hivi hurukaruka, hujigonga, hubanduka magamba, kisha hufa. Ndiyo maana niliwatia kwanza kwenye beseni la maji ya karafuu, yanayowalevya. Wakalegea, wakalala ubavu, kama nilivyotaka.

Hapo akatokea shemeji Elifuraha na suti yake ya mtumba.

"Mama Neema, umewaua!"

Akapiga magoti kwenye tope, akaanza kukemea mauti. Nikamwacha apige kelele, nikawahamishia samaki kwenye maji safi. Punde mkia mmoja ukatikisika. "Haleluya!"

Leo kasimama kanisani kutoa ushuhuda: samaki wamefufuka kwa maombi yake. Watu wazima, wenye akili zao, wakapiga vigelegele! Mtu ambaye tangu apunguzwe kazi kwenye mkonge hajashika hata jembe, leo anakemea mauti.

Hofu ninayo. Perege hao ndio ada ya watoto, na sijui kama watazaliana huko chini. Wakizaliana, ni maombi ya shemeji. Wakifa, ni dawa za Mama Neema.

Hayo ningeyameza. Lakini mume wangu, aliyezitwanga karafuu zile mwenyewe, alikuwa ameketi ubavuni kwangu. Nikamtazama, nikingoja aseme neno.

Akasema, "Amina."

Mikono yake bado inanukia karafuu.