Kompyuta ya Kumalizia Sura Tatu za Mama

Jumanne, 14 Mei. Mawingu tangu alfajiri, manyunyu saa moja na nusu.

Mshauri mpendwa, nitajaribu kukueleza kwa mpangilio kama ninavyoandika kwenye shajara yangu, unisamehe maneno yakinitoroka. Kazi yangu ni kurekodi vitabu vya shule kwa wanafunzi wasioona, naifanyia chumbani, blanketi limetundikwa mlangoni kuzuia kelele, na msomaji wangu kwa miaka sita alikuwa mama yangu mzazi, mwalimu mstaafu, mpaka alipofariki tarehe 9 Januari akiwa ameishia sura ya kumi na mbili ya kitabu cha historia, zimebaki tatu. Kompyuta yangu ni kuukuu, inatumia Linux, mfumo wa bure aliouweka mdogo wangu wa kiume, fundi mitambo wa redio, na sasa feni yake inanguruma mpaka inaingia kwenye maikrofoni, kwa hiyo sina budi kununua nyingine. Tangu Februari nazunguka madukani, nimeorodhesha kompyuta thelathini na moja daftarini, kila moja na kasoro yake, hii kadi yake ya sauti haielewani na Linux, ile inapata moto upesi, na mdogo wangu amechoka kunisindikiza, juzi akaniuliza mbele ya muuzaji, "Dada, unachagua kompyuta au unachagua mchumba?" Muuzaji akacheka, mimi nikatoka nje nikalia.

Sababu yake hakuna anayeijua. Novemba, Mama alipokuwa ameshamaliza sura ya kumi na mbili, nikitaka kazi iwe safi, niliondoa kwenye rekodi zote kila kikohozi, kila pumzi, na kila mahali Mama alipokatiza kusoma akaniambia, "Mwanangu, zima hicho kidude nipumzike," kisha nikahifadhi juu ya faili za mwanzo kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Nimebaki na sauti inayosoma historia bila kuvuta pumzi, kama si ya mtu. Najiambia labda ipo kompyuta yenye uwezo wa kurudisha nilichokifuta. Shule imenipa mpaka mwisho wa mwezi, la sivyo kazi anapewa mwingine, na mitihani ni Julai. Ninunue ipi? Jana nilipata usingizi saa tisa kasoro dakika kumi usiku.

Binti wa Mwalimu

Binti wa Mwalimu, pole sana. Kwanza nikukaripie, mara moja tu: miaka sita kazini, unahifadhi juu ya faili za mwanzo bila nakala? Basi, yamekwisha. Kusafisha sauti ndiyo kazi uliyopewa, na mama yako alilijua hilo kila alipokaa mbele ya maikrofoni. Hukumkosea.

Lakini usijidanganye. Hata ukifikisha kompyuta mia, hakuna itakayokurudishia Mama, nawe unajua, ndiyo maana zote unaziona mbovu. Kompyuta kuukuu izime leo, usihifadhi tena chochote humo. Mpe mdogo wako na umweleze ukweli wote. Naye kafiwa na mama huyo huyo. Ajaribu kutafuta masalio ya faili, ingawa kilichoandikwa juu mara nyingi hakirudi. Waulize na shuleni kama wamebaki na sampuli za kabla ya Novemba.

Jumamosi nenda dukani na flashi yenye Linux yako. Tafuta kompyuta ya mtumba iliyotoka ofisini, ya miaka mitatu au minne, maana vifaa vya namna hiyo Linux imeshavizoea, yenye kumbukumbu ya kufanyia kazi, yaani RAM, ya GB kumi na sita. Iwashe kwa flashi kabla hujatoa hela, rekodi dakika kumi, vaa spika za masikioni usikilize kama feni inasikika. Kadi ya sauti isikusumbue, zipo ndogo za nje za kuchomeka. Ya kwanza itakayofaulu, lipa uondoke, na daftari lako lifunge.

Hukuniuliza nani atasoma sura zilizobaki, na hapo ndipo kidonda kilipo. Utasoma wewe. Usitafute mwenye sauti kama yake, hayupo. Ukurasa wa kwanza utakushinda, utalia. Nawa uso, rudia. Jumatatu asubuhi kaa kwenye kiti chake uanze sura ya kumi na tatu. Kuna watoto ambao hawajui historia hiyo iliishaje.