Picha Niliyofumba Macho

Birmingham, Jumatano, 26 Mei 1971
Asubuhi: mvua nyepesi, kisha jua kidogo, upepo wa baridi.

Mama yangu,

Shikamoo. Ni mimi Wakesho, ninakuamkia kwa mkono wangu mwenyewe, na mkono huu una joto. Kaka Mwakio, wewe unayemsomea, kabla hujaendelea mwonyeshe Mama mwandiko. Hiyo W yenye mkia ndiyo ile aliyokuwa akinicheka nilipokuwa darasa la pili, akisema inafanana na jongoo aliyekanyagwa.

Sikuulizi kama hujambo, Mama, maana telegramu ya Kaka iliyofika jana imeshanijibu: MAMA HALI CHAKULA. HAAMINI TELEGRAMU. ANDIKA KWA MKONO JAMBO LENU WAWILI. Basi ninaandika. Lakini kifua cha Baba kinaendeleaje? Na Shangazi Mshai, ambaye najua hajaondoka hapo mkekani pako, magoti yake je? Ninawaulizia kama mtu aliye hai, na ndivyo nilivyo.

Juzi Jumatatu nilikuwa wodini nikitandika vitanda, nikaitwa ofisini kwa Metroni, mkuu wa wauguzi hapa. Nilikwenda huku nikifikiri ni habari ya mtihani. Metroni akaniambia, "Nesi, keti." Huyu hamwambii mwanafunzi akae hata siku moja.

"Hapa kwetu kuna Wakesho mwingine?"

"Hapana, Metroni. Niko peke yangu."

"Basi soma hii, kisha unieleze wewe."

Ilikuwa telegramu yenu ya kwanza, iliyouliza mwili wa binti yenu Wakesho utafika lini. Mama, niliposoma mara ya kwanza nilimsikitikia huyo Wakesho kabla sijafahamu kwamba ni mimi. Nikaisoma tena. Metroni akanimiminia chai, akakoroga sukari, kisha akainywa mwenyewe. Nadhani hakujua anachofanya. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Unajisikia mgonjwa?" Nikamwambia hapana. Akasema, "Basi wajulishe watu wako upesi." Ndipo telegramu yangu ilipotoka, ile uliyoikataa. Sikulaumu. Hata mimi nisingeliamini karatasi iliyopigwa mashine na mtu nisiyemjua.

Sasa nieleze ile picha iliyowafikia, mkadhani nimekufa, ilitoka wapi.

Ninakaa chumba kimoja na msichana aitwaye Pauline, mwanafunzi kama mimi. Wazazi wake walitoka Jamaika, wanaishi Handsworth, lakini yeye amekulia hapa hapa. Alinunua kamera kuukuu, na tangu theluji ilipoyeyuka, siku zetu za mapumziko tunatoka kupiga picha za miti na maua. Hatuendi mbali: bustani ya hospitali, kando ya mfereji, bustani kubwa iliyo karibu na kwao. Yeye anapiga, mimi ninaandika hali ya mwanga na jinsi alivyoitega kamera, ili tukiharibu tujue tumeharibu wapi. Ilikuwa furaha yangu, Mama. Nilifika wakati majani yanaanguka, nikaishi miezi mingi kati ya miti iliyo kama mifupa, kisha siku moja kijiti nje ya dirisha letu kikatoa kichomozo cha kijani. Nilimwamsha Pauline akione. Akasema, "Keshi, hicho hutokea kila mwaka. Nirudishie blanketi."

Jumapili ya kwanza ya mwezi huu tulipanda basi hadi mwisho wa njia, kwenye vilima vya Lickey. Ukimwonyesha Baba vilima hivyo atauliza kilima chenyewe kiko wapi. Lakini chini ya miti yake ardhi yote ilikuwa imefunikwa maua madogo ya buluu, yameinamisha vichwa kama kengele. Pauline alilala kifudifudi matopeni apate kuyapiga kwa karibu. Wazungu walipita na mbwa wao wakamwambia habari za asubuhi, kana kwamba si kitu.

Kisha akaniambia, "Lala hapo penye nafasi. Nataka maua yaonekane makubwa kuliko mtu."

"Pana unyevu."

"Koti umevaa la nini? Lala, bwana. Na usicheke."

Nikalala chali. Jua lilinichoma macho kupitia matawi, nikayafumba. Vidole vilikuwa na baridi, nikaikunja mikono kifuani. Sikucheka. Basi.

Filamu yetu ni ile isiyo na rangi. Katika filamu hiyo maua ya buluu hutoka meupe-meupe, na koti langu la rangi ya maziwa likatoka jeupe kabisa. Tulipoichukua picha dukani tuliisifu. Niliwaandikia barua ndefu kuieleza, katika karatasi ile ya ndege inayokunjwa yenyewe, ambayo hairuhusiwi kutiwa kitu ndani. Kwa hiyo picha ilihitaji bahasha yake. Nilikuwa zamu, nikamwomba Pauline aandike anwani na kuipeleka posta. Barua yangu nikaizuia drooni, nikitaka kuongeza matokeo ya mtihani. Mimi na mpangilio wangu. Picha ikaja peke yake, katika mwandiko wa mgeni.

Hilo nililifahamu Jumatatu, nilipotoka kwa Metroni. Nilirudi chumbani nikachukua nakala yetu ukutani, nikaitazama kwa macho yenu. Nilikumbuka Babu alipofariki, jinsi mpiga picha alivyoitwa kutoka Voi, sisi tukasimama tumezunguka jeneza, na ile picha yake amelala kati ya maua tukamtumia Mjomba Kampala kwa posta kwa kuwa hakuwahi mazishi. Kwetu mtu hapigwi picha amelala isipokuwa mara moja.

Na la pili ni baya zaidi. Mikono yangu pale kifuani, wa kulia juu ya wa kushoto, ndivyo tunavyofundishwa kuilaza mikono ya mgonjwa akishatutoka. Nimefanya hivyo kwa watu kadhaa tangu nije. Nilijilaza mwenyewe kama mmoja wao, na sikuona. Nikaitia picha mdomoni mwa jiko.

Pauline aliniuliza, "Kwani nani hupiga picha maiti?" Lakini jioni alipokwenda kwao na nakala yake nyingine, mama yake aliiona akampiga kofi la bega. "Mtoto wa mwenzio unamwekea maua? Hujui kwetu watu hutumiwa picha za maiti namna hii?" Tangu hapo Pauline analia, kisha anatania. "Nimekuua, Keshi. Lakini ulitoka vizuri." Nilicheka, nikashtuka kwamba ninacheka nanyi mko matangani.

Sasa, Kaka Mwakio, jambo letu wawili. Kama Baba yuko hapo, mtume akaangalie ng'ombe. Kisha msomee Mama sikioni.

Mama, jogoo mwekundu wa Baba hakuliwa na nguchiro. Ulimpeleka kwa fundi wa cherehani kabla hakujapambazuka, naye akanishonea koti hili. Baba alitega mtego siku nyingi, na wewe ukawa unamshikia taa. Uzi mweupe ulipokwisha ulikishona kifungo cha mwisho kwa uzi mweusi, ukaniambia, "Usiende kufa na baridi huko ukanipotezea jogoo wa watu." Hakuna mwingine anayeyajua hayo. Koti uliloliona pichani si sanda. Ni jogoo wetu, na limetundikwa mlangoni hapa, lina tope la Lickey mgongoni.

Sijafa na baridi, Mama. Kula. Anza na uji.

Mtihani nimefaulu.

Nisalimie Baba kwa heshima zote, na asiulize. Shangazi Mshai mwambie ainuke mkekani. Mwalimu wa kwaya ashukuriwe kwa nyimbo. Jirani yetu Mama Righa asirudishe kwake kuni alizoleta. Mpikieni chai nazo wote waliokuja kunililia.

Ni mimi mtoto wako wa pili, aliye mzima,
Wakesho

Alhamisi asubuhi, mawingu bila mvua. Sikuifunga bahasha usiku, na safari hii si kwa ajili ya mtihani. Ninaipeleka posta mwenyewe sasa hivi. Nilitaka tu ujue, Mama, kwamba jana nilifumba macho saa nane usiku, na nimeyafumbua.